Mjane wa Kifuniko: Kichwa Kimoja Kimepungua

Wiki jana niliwaacha nimesimama uani kwa wifi yangu Dorcas, kule Titye, nimeshika fulana ya mashabiki, naye ameweka kidole juu ya kichwa cha mtu mmoja pichani. Wengi mmenipigia simu mkitaka kujua ni kichwa cha nani. Leo nawaambia. Ila ningejua yatakayofuata, ile fulana ningeikunja nikaikalia.

Kwa aliyeingia leo, naomba nimkumbushe kidogo. Naitwa Winifrida, mzaliwa wa Murungu, Kibondo, nikaolewa Kasulu. Mume wangu alikuwa Tharsisi Nduwayezu, golikipa wa Tangawizi Stars, yule waliyemwita Kifuniko kwa sababu akisimama golini hakiingii kitu. Mwaka jana, kwenye fainali dhidi ya Asali ya Kibondo, aliruka kufuata mpira wa kona, akagongana na mtu, akaanguka. Hakuamka tena.

Hatukujaliwa mtoto. Alichokiacha duniani ni mimi na glavu zake, na mashabiki hawajakubali kutuachia, si mimi wala hizo glavu.

Kila mechi ya nyumbani wanazitundika kwenye nguzo ya goli. Mechi ikiisha wananiletea nizifue. Hakuna aliyezivaa, lakini nikizitia kwenye beseni maji yanatoka mekundu. Najua ni vumbi la uwanja. Najua kabisa. Hata hivyo, wakati wa kuyamwaga huwa nageuza uso.

Halafu kuna ile sauti. Tharsisi akitoka golini kufuata krosi alikuwa anaita, "Wangu!" mabeki wampishe. Siku hizi krosi ikipigwa, uwanja mzima unaita kwa niaba yake. Yule kijana anayedaka sasa, maskini, anabaki kwenye mstari kama mtu aliyekatazwa kutoka. Na nyumba yangu iko kwenye njia wanayorudia. Wakipita dirishani wanaita tena, eti wananisalimia nisijione mpweke. Nakuwa nimeshika ufagio, nasikia, naacha kufagia mpaka wamepita.

Habari za Raymond mnazijua. Ni muuguzi, mtu wa Njombe aliyeletwa huku na kazi, na ndiye aliyekuwa akiwatibu wachezaji wa Tangawizi Stars wakiumia. Alikuja kunipa pole baada ya maziko, akaendelea kuja, na ile pole ikageuka ikawa kitu kingine. Sitawadanganya, nampenda. Amepata uhamisho wa kwenda Sumbawanga na anataka tuondoke pamoja, nikiwa mke wake.

Lakini kwa ukoo wa mume wangu, mjane haendi popote kabla ya kuganduka. Hiyo ndiyo siku ya kufunga msiba, mjane ananyolewa, watu wanakunywa kwenye mtungi mmoja, na yeye anaachiliwa. Siku yangu ilikuwa Jumamosi. Pombe ya ndizi ilikuwa imeshaanza kuchachuka.

Ndipo Dorcas akaiona ile fulana.

Picha iliyo kifuani ilipigwa makaburini. Siku ya maziko, Kasian, mwenyekiti wa mashabiki, muuza spea za pikipiki ambaye hajui kuongea taratibu, aliamua kila shabiki wa kweli anyoe kipara kwa heshima ya Kifuniko. Wakanyoa. Wakapiga picha, wakaichapisha kwenye fulana. Hata Raymond yumo, mstari wa mbele, kipara kinang'aa.

Walidhani ni ushabiki tu. Hawakujua kwamba kwa ukoo ule, anayenyoa siku ya maziko ameingia msibani, hata kama hana undugu na marehemu. Na hatoki mwenyewe. Anatolewa kwa kunyolewa tena, siku moja na mjane, kwa mkono uleule mmoja. Mkono huo ni wa Dorcas, dada mkubwa wa marehemu. Akikosekana mtu mmoja, msiba uko wazi kama mlango usio na komeo.

Kasian, aliyekuwa amekuja nami, alijitetea kwamba wote wameshaitwa, hata yule aliyehamia Buhigwe. Dorcas alivitambua vile vipara kimoja baada ya kingine, huyu mtoto wa fulani, huyu fundi cherehani, mpaka kikabaki kimoja cha pembeni, uso umegeuka nusu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Kasian hakumjua. Mimi nilimjua.

"Ni Reverien," nikasema. "Mtoto wa kwetu Murungu. Straika wa Asali."

Kasian alininyang'anya fulana akaitazama. Kisha akainamia kifua chake mwenyewe, maana alikuwa amevaa nyingine kama hiyo, akaanza kuivua haraka kama mtu aliyeingiliwa na siafu. Mwaka mzima alikuwa anatembea amembeba kifuani mtu aliyegongana na Kifuniko.

"Alifuata nini makaburini?" akauliza, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea chini.

"Alifuata wembe," Dorcas akasema. "Ni mfiwa kama wewe. Aje hapa, la sivyo Jumamosi hakuna kitu."

Jioni ile nilimweleza Raymond. Nilidhani atacheka, maana mambo yetu ya nywele huwa anayacheka. Hakucheka. Aliniuliza huyo kijana anasemaje. Nikamjibu sijamwona bado, ndiyo kwanza naenda kumtafuta.

"Basi usimtafute," akasema. "Tuondoke zetu Ijumaa. Watanyoana wenyewe."

Nilimwambia siwezi kutoka kwa watu kama mwizi. Ukoo ule ulinipokea nikiwa msichana, sitautoroka nikiwa mjane. Akakubali, akasema atakuja Jumamosi kwa ajili yangu. Mimi, kwa upumbavu wangu, nikadhani ni wivu. Nikavimba kichwa kabisa: mwanamke wa umri wangu kuonewa wivu na kijana wa Murungu.

Kesho yake nilipanda basi la Kibondo.

Murungu walinipokea vizuri, lakini nilipomtaja Reverien kila mtu alikumbuka ghafla kwamba ana kazi nyumbani kwake. Mwisho mama mmoja akaninong'oneza kwamba yupo, ila si yule. Mpira hagusi. Na habebi kitu kichwani. Hata mzigo wa kuni anaukumbatia kifuani. Akaninyooshea mkono upande wa mihogo.

Nilimkuta analima, amenipa mgongo. Nywele zilikuwa zimemea ovyo, zimefunika masikio.

"Amahoro, Reverien."

Kabla hajageuka aliinua mikono yote miwili akajikinga kichwa. Aliponiona aliiteremsha polepole, akapiga magoti palepale kwenye tuta.

"Dada Winifrida," akasema. "Nilijua utakuja. Nilikuwa sijui tu utakuja na nani."

"Nimekuja peke yangu."

Alitazama nyuma yangu kwa muda, kama haamini. Nami, Mungu anisamehe, niligeuka kutazama.

Nilitaka kumchukia. Nilikuwa nimeiandaa chuki hiyo toka Kasulu, nimeifunga vizuri kama kitenge cha safari. Lakini mtu mwenyewe alikuwa amekonda mpaka mifupa ya bega inahesabika, na macho yake hayatulii. Niliishia kukaa chini karibu naye.

"Unamsikia?" akaniuliza.

"Kila Jumamosi. Lakini wale ni mashabiki."

"Huku hakuna mashabiki, dada."

Mihogo ilitikisika kwa upepo, na wote wawili tukanyamaza mpaka ilipotulia. Nilimweleza shida yangu yote, ya Raymond, ya Sumbawanga, ya fulana na kidole cha Dorcas. Nilimwomba aje anyolewe ili mimi niishi.

"Nitakuja," akasema. "Nywele hizi sikuziacha kwa kupenda. Niliingia msibani kwenu, sasa nitajitoaje mwenyewe? Nilikuwa nangoja mniite, hamniiti."

Niliona aibu. Mwaka mzima, watu wawili tumekaa tukingoja kuachiliwa, mimi Kasulu yeye Murungu, na hakuna anayemkumbuka mwenzake.

Nilipoinuka kuondoka alinishika pindo la kitenge.

"Kuna neno alinipa. Pale golini, kabla ya kona."

Katika vyote nilivyoletewa na watu, madaruga yake, saa yake, hata jani la nyasi za pale alipoangukia, hakuna aliyewahi kuniletea neno. Nilimwomba aniambie. Nililia. Nilimshika mikono.

"Hapana," akasema. "Neno la marehemu linasemwa mjane akiwa chini ya wembe, mbele ya watu. Wewe ndiwe unayejua zaidi yangu. Nikikupa hapa utarudi nalo peke yako. Mimi nimekaa nalo peke yangu. Niangalie nilivyo."

Nilirudi Kasulu sijala.

Jumamosi ikafika, na Titye ikajaa. Mtungi uliwekwa katikati ya ua, mirija imechomekwa pande zote, na pembeni yake zikawekwa glavu, nimezifua mwenyewe asubuhi. Raymond alikuja amevaa shati la mikono mirefu, akanyolewa wa kwanza, akakaa mwisho wa benchi, karibu na njia. Tulikuwa tumekubaliana nikishanyolewa tu, tunaaga, tunakwenda.

Wakati Dorcas anawanyoa mashabiki, kila mmoja na wembe wake mpya, wao wakawa wanamkumbuka Kifuniko.

Ningeweza, ningewaonyesha alivyofufuka midomoni mwao saa ile. Mmoja alisimulia penalti aliyoipangua kwa kidevu. Mwingine akasema haikuwa kidevu, ilikuwa goti, na mpira ulitoka mpaka barabarani ukampiga mbuzi. Fundi cherehani akasema hakuna kitoto cha mtaa ule ambacho Tharsisi hakukifundisha kuanguka bila kuumia. Mwanawe aliteleza kutoka kwenye mti wa parachichi, akajikunja kama alivyofundishwa, akasimama. Kasian mwenyewe alisema kwamba kabla ya Kifuniko, watu wa mjini na watu waliotoka Burundi walikuwa wanakaa nyuma ya magoli tofauti uwanjani. Tharsisi alipoanza kudaka, wakahama wote wakakaa nyuma ya goli lake, na mpaka leo hawajarudi kukaa mbalimbali. Akaanza kulia katikati ya maneno, mtu mzima yule, na Dorcas akampiga kofi jepesi kichwani atulie asije akakatwa.

Nami nililia. Nilikuwa nawachukia kwa kelele zao, kumbe walikuwa wanaogopa kunyamaza. Wakinyamaza amekufa.

Wakaniuliza, "Shemeji, na wewe je?"

Nilicheka kwenye machozi. Nikawaambia Kifuniko wao nyumbani alikuwa anaangusha vikombe. Nikawaambia siku moja kabla ya fainali alinimiminia chai, akaimimina yote nje ya kikombe, juu ya meza, huku ananiangalia. Nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikamwambia, golikipa gani huyu haoni hata kikombe. Mashabiki waliangua kicheko. Raymond peke yake hakucheka, lakini nilikuwa sijamwangalia vizuri.

Kicheko kilikatika ghafla. Reverien alikuwa amesimama mlangoni mwa ua, na zile nywele zake.

Nilidhani Kasian atamrukia. Aliinuka kweli, kipara chake kibichi, akamwendea mpaka wakawa uso kwa uso. Akamtazama zile nywele muda mrefu. Kisha akamshika mkono, akamkalisha mwenyewe mbele ya Dorcas. Nadhani katika ua mzima, yeye na Reverien ndio walioelewana zaidi siku ile.

Dorcas alimnyoa. Nywele zilidondoka nyingi kuliko za wote.

Wa mwisho nikawa mimi. Nilikaa kwenye mkeka, wifi akanimwagia maji ya baridi, akaanza upande wa kulia. Nilisikia wembe unavyopita na nikaanza kuhisi wepesi. Wallahi nilihisi wepesi, hata kama mimi ni Mkristo. Nilimwona Raymond ananitazama, nikamtabasamia.

Katikati ya kichwa, Dorcas akapaza sauti kama inavyopaswa:

"Nani ana neno la Tharsisi?"

Reverien akasimama.

"Ilikuwa kona yetu," akaanza. "Nilikwenda kusimama mbele yake nimzuie asitoke, kama tunavyofanya. Nikamwona ameshika nguzo. Nikamwambia, kaka, unaumwa? Akanijibu hivi: 'Juzi mazoezini nilijigonga kichwa, toka hapo naona mipira miwili. Lakini Raymond kaniangalia, kasema nidake tu, itapita.'"

Chai. Niliiona ile chai ikienda juu ya meza, na yeye ananiangalia, anangoja nimwambie kama imeingia.

Mkono wa Dorcas ulisimama.

"Sijamaliza," Reverien akasema. "Niliwageukia wenzangu nikawaambia, uleteni juu yake, haoni. Wakauleta. Akaita. Akaruka, akaufuata mpira ambao haupo. Mimi nikaufuata uliopo. Ndiyo tukakutana."

Akakaa chini. Akajishika kipara kipya kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza toka nimwone macho yake yakatulia.

Hakuna aliyemgusa. Vichwa vyote vilivyonyolewa vilikuwa vimegeukia benchi, upande wa njia.

Raymond alikuwa amesimama.

"Raymond," nikasema. "Ulimwambia adake?"

"Hapana. Nilimwambia apumzike. Nilimwambia ni hatari." Akalamba midomo. "Akaniomba nisimwambie mtu. Hasa wewe. Akasema fainali haiji mara mbili."

"Na hukumwambia mtu."

"Sikumwambia."

"Mwaka mzima umekaa jikoni kwangu."

Alinyoosha mkono tu, kama siku ile ya kwanza aliponipa pole. "Twende, Winifrida. Nitakueleza njiani. Twende."

Mmoja kati ya wanaume wangu wawili amesema uongo. Na ubaya ni kwamba Tharsisi namjua. Kwa ajili ya fainali angemdanganya hata padri, sembuse straika wa Asali. Na Raymond nilidhani namjua.

Ningeshukuru kama mashabiki wangepiga kelele. Hawakupiga. Ua mzima ulikuwa kimya, kimya kile cha krosi ikiwa bado hewani, na mimi nikawa nangoja mtu aite. Hakuita mtu.

Dorcas aliinama sikioni kwangu. Pumzi yake ilikuwa ya moto.

"Wifi," akasema taratibu, "unajua taratibu za kwetu. Nikimaliza kichwa hiki, msiba umefungwa. Uko huru, uende unakotaka na unayemtaka, na neno hili halitaulizwa tena na mtu yeyote mpaka dunia inakwisha. Nikiacha, wewe bado ni wa Tharsisi, na ukoo utakaa chini kulitafuta mpaka mwisho wake. Nimalize, au niache?"

Nilipandisha mkono kichwani. Upande mmoja ni ngozi tupu, maji yanatiririka mpaka shingoni. Upande mwingine ni nywele za mwaka mzima, zile nilizolala nazo, nilizoamka nazo, nilizozifunga kitambaa kila nilipotaka kwenda kumwona mwanaume mwingine.

Raymond bado alikuwa amenyoosha mkono.

Nikanyoosha wangu, nikaupeleka nyuma, nikaushika mkono wa Dorcas, ule wenye wembe. Kama niliuzuia au niliusukuma, tukutane wiki ijayo.